Utunzaji wa Mitambo ya Hesabu Katika Vyuo Vikuu

Mtu atazamaye tarehe ya mitambo ya hesabu katika vyuo vikuu hukuta sifa nyingi za siku mitambo hiyo ilipoanza kazi, na habari chache sana za siku ilipofungwa ili itunzwe. Nasema "itunzwe" kwa makusudi. Neno "matengenezo", lizoelekalo katika matangazo, halitoshi. Kwani kutengeneza huwa ni kuunda, na huwa ni kurekebisha kilichovunjika, hali kazi tuisemayo hufanywa kabla ya kuvunjika.

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mtambo ulioitwa EDSAC, uliojengwa na Maurice Wilkes pamoja na wenzake, ulifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei, 1949. Ndani yake mlikuwa na vali za umeme zipatazo 3,000, na kumbukumbu yake ilikuwa ni mirija iliyojazwa zebaki, ambamo namba zilipita mfano wa mawimbi ya sauti, zikarudishwa mwanzo kila zilipofika mwisho, zisije zikapotea. Vali huchoka kama taa zichokavyo, na penye vali 3,000 haiyumkini zote ziwe nzima daima. Kwa hiyo mafundi walikuwa na saa zao za kuujaribu mtambo na kuurekebisha. Usiku waliachiwa wataalamu walioruhusiwa kuutumia wenyewe, na ulipowaharibikia walikwenda zao kulala.

Mwaka wa 1951 EDSAC ulifungwa kwa muda wa miezi ipatayo sita, ufanyiwe mabadiliko makubwa. Wakati huo A. L. Hodgkin na A. F. Huxley walikuwa wamekwisha pima umeme upitao katika mshipa mnene wa fahamu wa ngisi, nao wakitumaini mtambo uwafanyie hesabu zao. Huxley hakungoja. Alitwaa mashine ndogo ya Brunsviga, izungushwayo kwa mkono, akakokotoa hatua kwa hatua; na hesabu ya wimbi moja tu lisafirilo katika mshipa ilimchukua majuma matatu hivi. Makala yao yalitoka mwaka wa 1952, na mwaka wa 1963 walipata tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Wasimulizi huusifu mkono wa Huxley, na wana haki. Lakini haifai tudhani kwamba kufungwa kule hakukuwa na hasara, kwani si kila hesabu iwezayo kumalizwa kwa mkono. Umbo la myoglobini, ambalo John Kendrew na wenzake walilitangaza mwaka wa 1958, lilitokana na hesabu nyingi mno zilizofanywa na EDSAC huo huo. Hapo mkono usingalifaa kitu.

Siku hizi hasara yaweza kuwa ya namna nyingine, maana mtambo si wa kukokotoa tu, bali ni ghala pia. Hata sisi wa Kiswahili tumo: mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, wenye maneno yapatayo milioni 25, umewekwa katika mitambo ya namna hiyo.

Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, baina ya tarehe 14 na 16 Desemba, 2021, zilifutika faili zipatazo milioni 34, ukubwa wake terabaiti 77 hivi. Ajabu ni kwamba programu iliyozifuta ilikuwa ni ile ya kuweka nakala za akiba. Kampuni iliyouleta mtambo ilikuwa imeisahihisha programu hiyo, ikaiweka mahali pa ile ya zamani hali ya zamani ingali ikienda. Mtambo ulianza na maagizo ya zamani, ukaendelea na mapya katikati, na majina yaliyokusudiwa kuonyesha mahali pa kufuta yakawa hayana maana yoyote. Basi amri ya kuondoa kumbukumbu kuukuu za mtambo ikaangukia kazi za wataalamu. Kampuni ilikiri kwamba kosa lilikuwa lake. Cambridge waliufunga mlango kwanza, ndipo wakaugusa mtambo. Kyoto programu ilibadilishwa na kazi ikiendelea. Makundi 14 ya watafiti yalipatwa na msiba huo, na manne kati yao hayakuwa na nakala ya kurudishiwa.