Njia ya Momella

Mgeni afikaye Arusha kwa mara ya kwanza huuona Mlima Meru kabla hajaonyeshwa. Mlima umesimama kaskazini ya mji, na mji umelala miguuni pake, hata asubuhi isiyo na mawingu mtu akitoka nje ya nyumba yake yoyote hawezi kuukwepa kwa macho. Hata hivyo wengi wa wageni hao huwa njiani kwenda pengine: Serengeti, Ngorongoro, au Kilimanjaro. Meru una kimo cha mita 4,566, nao ni mlima wa pili kwa urefu katika Tanzania. Lakini ni taabu ya wadogo wote kuzaliwa karibu na mkubwa. Aghalabu hutajwa kama mahali pa kujizoeza pumzi kabla ya kuukabili mlima mwingine.

Aazimuye kuuendea kwa mara ya kwanza huuliza maswali machache, na majibu yake si magumu. Miezi mizuri ni kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa utelezi na kufunika kilele siku nzima. Siku zinazohitajiwa ni tatu au nne, na aliye na haraka na aichague ya nne, kwa maana mlima haumpendelei mwenye haraka. Njia huanza kwa barabara kuu ya Moshi hadi Usa River, kilomita 20 na ushei kutoka Arusha, kisha hupinda kushoto kuelekea lango la Ngongongare na mbele yake Momella. Nguo za baridi ni faradhi, ijapokuwa yuko karibu na mstari wa Ikweta. Kiongozi ni lazima, na askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima pia, kwa ajili ya nyati na tembo wanaozitumia njia zilezile za msitu bila kumuuliza mtu. Simba, ambaye wageni wengi humtarajia kila mahali, hapa hatarajiwi.

Hayo ndiyo majibu yapatikanayo katika kila ofisi ya safari mjini. Lakini kila hatua ya njia hiyo ina habari zake, na baadhi ya habari hizo zilifika mbali kuliko msafiri yeyote aliyewahi kupanda Meru.

Mwaka 1887 Samuel Teleki, mwungwana wa Hungaria, alifika chini ya mlima huu akiwa na mwenziwe Ludwig von Höhnel na msafara mkubwa wa wapagazi. Walijaribu kupanda, msitu ukawazuia. Neno mpagazi limebaki mlimani mpaka leo kwa maana ileile: mtu abebaye mzigo wa mwingine kwa ujira. Misafara imekwisha, lakini yule anayetangulia kupita na gunia kichwani, jasho likimtiririka, angali akiitwa jina alilopewa babu yake.

Wameru na Waarusha, wenyeji wa miteremko hiyo, hawakuwa na haja ya kuonyeshwa mlima wao. Walilima migomba na mahindi, wakachimba mifereji ya kuleta maji mashambani, na wakaupanda msitu kwa kiasi cha haja zao za kuni, asali na dawa. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema yao Akeri, wakauawa. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa majeshi ya Kapteni Kurt Johannes, na majeshi hayo hayakuja mara moja. Mashamba yaliteketezwa, mifugo ikachukuliwa, na mwaka 1900 wakuu wa Meru na Arusha walinyongwa huko Moshi pamoja na Mangi Meli wa Wachaga. Boma la Arusha, ambalo siku hizi ni makumbusho na ambalo msafiri anaweza kulizuru kwa nusu saa kabla ya kuondoka, lilijengwa katika miaka hiyohiyo. Ni jengo jeupe, zuri kwa macho. Haidhuru mtu akilitazama akikumbuka lilijengwa kwa sababu gani.

Mlima ulipokwisha kutulizwa kwa bunduki, wataalamu wa Kijerumani wakapata nafasi ya kuupanda. Heshima ya kufika kileleni kwanza wengine humpa Carl Uhlig, mwaka 1901, na wengine Fritz Jaeger, mwaka 1904. Mabishano hayo ni ya Wazungu peke yao. Hakuna aliyekuwako kuwauliza wenyeji kama kuna Mmeru aliyetangulia.

Jambo zito zaidi lilikuwa likitendeka chini. Msitu wa juu ulifanywa kuwa mali ya serikali, na ardhi ya tambarare ikagawiwa walowezi: Wajerumani, na Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini. Basi Wameru wakawa kama watu walio katikati ya pete: juu wasipande, chini wasishuke. Miongoni mwa walowezi waliofika mwaka 1907 alikuwa Margarete Trappe na mumewe, ambao shamba lao lilikuwa Momella, kando ya maziwa yenye magadi ambamo heroe huja kula. Mama huyo alikuwa mwindaji mashuhuri, akafa mwaka 1957. Shamba lake lilikuwa katika mahali ambapo leo mgeni hulipia kuingia.

Kaskazini ya Momella, mwendo mfupi tu, ipo Ngare Nanyuki, ambayo kwa lugha ya Kimasai maana yake ni maji mekundu. Hapa Wameru walipata pumzi nje ya pete, wakalisha na kulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimwagiza Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza Wameru waondolewe Ngare Nanyuki, ili ardhi yote baina ya Meru na Kilimanjaro iwe ukanda mmoja wa walowezi wafugao ng'ombe, na Wameru wapewe mahali pengine, Kingori, nchi ya chini yenye joto na maradhi ya mifugo. Katika karatasi mpango ulikuwa mwepesi: rangi moja hapa, rangi nyingine pale. Ardhi iliyohesabiwa kwa ekari haikuhesabiwa kwa makaburi.

Wameru walikataa. Wakaandika barua, wakakutana, wakakataa tena kupokea fidia. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 askari walikuja na malori. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa katika makao yao. Walio wengi hawakukubali kukaa Kingori. Waliona afadhali wabanane na ndugu zao mlimani, penye nafasi ndogo, kuliko kuithibitisha hukumu kwa miguu yao wenyewe.

Hapo ndipo ilipopangwa safari ya kwanza iliyo kubwa kuliko zote zilizopata kupangwa chini ya mlima huu. Tanganyika haikuwa koloni kwa jina. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilitakiwa kuitolea hesabu mbele ya Umoja wa Mataifa. Wameru walilifahamu hilo vema. Walichanga fedha, senti kwa shilingi, wakamchagua kijana wao Kirilo Japhet aende New York. Mwenziwe alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 kesi yao ilisikizwa mbele ya Baraza la Udhamini, kisha katika kamati ya Mkutano Mkuu. Mtu mmoja kutoka mitaa ya Poli na Akeri alisimama mbele ya wajumbe wa dunia akaeleza jinsi nyumba zilivyochomwa. Hakuwako Mtanganyika aliyefanya hivyo kabla yake. Julius Nyerere alifuata njia hiyo mwaka 1955, akiwa na TANU nyuma yake.

Azimio la kuwatetea Wameru lilipita katika kamati, lakini katika Mkutano Mkuu halikupata theluthi mbili za kura. Kwa hesabu hiyo walishindwa. Lakini habari zilikuwa zimekwisha kutoka, na watu wa majimbo mengine, ambao hawajapata kuiona Ngare Nanyuki, walijua sasa kuwa serikali inaweza kushtakiwa. Ukanda wa walowezi haukustawi kama ulivyochorwa, na ardhi ile baadaye ikarudi mikononi mwa Wameru.

Hifadhi yenyewe ilizaliwa mwaka 1960, ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Kreta hiyo ni bakuli kubwa la kijani. Wageni hutazama kutoka ukingoni tu, wala hawaruhusiwi kushuka, na huenda hiyo ndiyo sheria ya busara kupita zote za mahali hapo. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, mkutano wa mataifa juu ya uhifadhi ulifanyika Arusha, na tamko la Nyerere lililosomwa hapo likaahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyama wa mwitu, huku ikiomba msaada wa fedha na wataalamu. Mwaka uliofuata dunia iliiona Momella katika sinema ya Hatari!, ambayo John Wayne na Hardy Krüger waliicheza katika mbuga hizo. Mlima wenyewe uliingizwa katika hifadhi mwaka 1967, nayo ikapata jina la Arusha. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Kilele kikaitwa Kilele cha Ujamaa, na jina hilo lingali katika kibao kilicho juu, ingawa wengi wanaopigwa picha kando yake hawaulizi limetoka wapi.

Mpandaji aanziaye Momella hupita kwanza kati ya twiga na nyati, kisha huingia katika msitu wa podo na mitarakwa, ambamo mbega wenye manyoya meupe marefu huruka juu ya kichwa chake. Usiku wa kwanza hulala Miriakamba, kadiri ya mita 2,500. Wa pili hulala Saddle, mita 3,570. Kutoka hapo huondoka usiku wa manane, akifuata ukingo wa mwamba uliopindika kama mundu. Ukingo huo ni nusu ya mlima iliyobaki. Upande wa mashariki ulianguka zamani sana, na udongo na mawe yake yakatapakaa mpaka chini, na maziwa ya Momella yakapata mashimo ya kukaa. Ndani ya ukumbi huo imesimama koni ya majivu, iliyofuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Kulipopambazuka, aliyefika juu huuona Kilimanjaro ng'ambo, na chini, kaskazini mashariki, mabati ya Ngare Nanyuki. Maji ya huko yana floridi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Nyanya hata hivyo hustawi sana. Barabara inayotoka kijijini kwenda Usa River hupita katikati ya hifadhi, ndiyo ileile ya Momella na Ngongongare. Kwa hiyo msafiri anayerudi Arusha siku ya nne, miguu ikimuuma, hulazimika mara kwa mara kuegesha gari lake pembeni, ili malori ya nyanya yapite.