Mkono wa Kushoto katika Kofia na Kroshia za Nyumba Zetu



Katika vijitabu vya mikutano yetu imekwisha andikwa mengi juu ya majahazi ya Sur, mashamba ya mikarafuu na safari za wazee waliotoka Ibra na Nizwa kwenda Unguja kwa upepo wa kaskazi. Kazi za mikono za mabibi zetu hazijapata hata ukurasa mmoja. Nami nimechagua sehemu ndogo ya habari hiyo: vipi walijifunza kushona na kufuma wale miongoni mwetu waliozaliwa mashoto.

Nianze na kofia, kwani hiyo ndiyo iliyovuka bahari pamoja nasi. Kofia ya vito, yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi ili kichwa kipate hewa, ni kazi ya zamani ya wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki. (Waarabu wanalo jina lao la kofia hiyo, ambalo sisi wenye Kiswahili tunaona haya kulitamka mbele ya wakubwa, basi tumebaki na neno kofia.) Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walio nje warejee, familia nyingi zilihamia huku, na sindano zikaja nazo. Waliosoma walipata kazi za ofisi. Wasiosoma walikuwa na vito, na vito vikawalipia watoto wao nguo na madaftari.

Kroshia ni jambo jengine. Hiyo ni kazi ya Ulaya iliyoenea katika karne ya 19, na mimi niliikuta skuli Unguja katika miaka ya sabini. Hapo ndipo mkono wangu ulipoingia matatani. Sote tunaijua adabu: mkono wa kulia ni wa kula, kutoa na kupokea. Sijapata kusikia kwamba sindano nayo imo. Lakini mwalimu mmoja wa kazi za mikono, ambaye simtaji, aliona imo, akanifunga kitambaa mkono wa kushoto muhula mzima. Kuandika kwa mkono wa kulia nilijifunza. Kufuma sikujifunza.

Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama, ambaye mwenyewe alitumia mkono wa kulia. Aliona kwamba kila ninapokaa ubavuni pake nachanganyikiwa, akasema, "Njoo ukae mbele yangu, mwanangu, unitazame kama unavyotazama kioo." Maneno yale yalitosha. Anayefuma kwa kulia huenda kutoka kulia kuelekea kushoto, na shoto huenda kinyume chake. Mkikaa ubavu kwa ubavu, kila hatua lazima uigeuze kichwani. Mkikaa uso kwa uso, mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto, nawe wafuata tu. Katika kitambaa cha duara, yeye huzunguka kinyume cha saa, wewe wafuata saa.

Baina ya kazi hizi mbili iko tofauti moja ambayo sijaiona ikisemwa. Kito cha kofia huzungukwa na uzi pande zote. Kikishakamilika, mvaaji hatambui kilishonwa kwa mkono gani. Kroshia haifichi. Kitambaa cha meza alichokianza bibi na nikakimalizia mimi baada ya kufariki kwake kiko Ibra kwa dada yangu, na mtu yeyote aweza kuweka kidole mahali mafundo yanapobadili mwelekeo.

Nilipohamia Oman mwaka 1986 nikapangiwa kazi Nizwa, jirani yangu, mzaliwa wa huko asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa akijifunza vito na kuharibu kofia moja baada ya nyengine. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha mafaili. Nilipomwona amekamata sindano kwa kushoto nikavuta mkeka, nikamkalia ubavuni, maana shoto kwa shoto hawahitaji kioo. Kofia yake ya kwanza aliyoimaliza ilivaliwa na mumewe Sikukuu ya Mfungo Mosi.

Nayaandika haya kwa sababu kofia za mashine ni rahisi na zimejaa madukani, na wanaojua vito kwa mkono katika ukoo wetu nimewahesabu: ni saba, na mdogo wao ana miaka hamsini na minane. Inasemekana mtu mmoja katika kumi ni shoto. Kwa wajukuu wetu mimi nawajua wanne, na mmoja wao, aliyeko Sur, amekwisha ambiwa na watu wa nyumbani kwamba mkono wake haufai kwa kofia. Tukiwapoteza wanne kwa neno kama hilo, sijui tutamrithisha nani.

Siku ya pili ya mkutano, baada ya sala ya Alasiri, mabibi watakaa barazani na nyuzi zao. Watoto wa mkono wa kulia wakae ubavuni. Mashoto wakae mbele, na yule wa Sur nimemwekea mkeka karibu yangu.