Minara ya San Gimignano

Nimepotea wiki mbili, mitihani ilinibana kwelikweli. Jumamosi nikasema liwalo na liwe, nikapanda basi hapa Siena na mwenzangu wa darasani, tukabadilisha Poggibonsi, hao mpaka San Gimignano. Minara ya mawe unaiona tangu mbali juu ya kilima.

Mji huu ulikaa kwenye Via Francigena, njia ya mahujaji wa Roma. Ukaanza kujitawala mwaka 1199. Hela ilitoka kwa wasafiri na kwenye zafarani (ndiyo, hiihii ya biriani). Hela ikizidi watu wanajenga, si mnajua? Inasemwa minara ilifika 72! Tena si ya kanisa, ni ya matajiri. Ndani ni finyu na giza tupu, raha hamna. Shabaha ni jirani ainue shingo. Mwaka 1255 wakapiga marufuku mtu kuupita mnara wa Rognosa, mita 51. Akina Ardinghelli walikuwa upande wa Papa, akina Salvucci upande wa Kaisari, na damu ilimwagika. Hata Dante alifika mwaka 1300, ametumwa na Firenze kutafuta washirika.

Halafu 1348 ikaja tauni. Watu walikufa vibaya sana, na mwaka 1353 mji ukajiweka chini ya Firenze. Biashara ikahamia kwingine. Firenze yenyewe ilikuwa na minara kibao, mingi ikakatwa na kubomolewa ili wajenge vipya. Huku hela ya kujenga upya haikuwepo, ndio maana 14 bado imesimama, na UNESCO wakauingiza mji kwenye orodha yao mwaka 1990.

Mwenzangu akasema mji ulikuwa na bahati. Nikambishia tangu ngazi ya kwanza ya Torre Grossa (mita 54, ulimalizika 1311) mpaka juu, tunahema wote. Bahati ya nani? Ya sisi tunaopiga picha, sio ya waliozikwa 1348. Yeye akashikilia lake, eti Salvucci wangeona leo wangefurahi. Labda. Wao walipenda kutazamwa.

Mimi nilichopenda zaidi ni kisima cha Piazza della Cisterna, cha 1273. Kamba za wachota maji zimechimba mifereji kwenye jiwe, kidole kinaingia. Nilikaa pale mpaka mwenzangu akanivuta, basi linaondoka.

Picha nitaweka nikipata kompyuta ya maana.