Matundu Kumi na Mawili ya Pijo

Bati lililotandikwa sakafuni nyuma ya pikapu lilikuwa limegandamana na kutu hata Ami akalazimika kulitoa kwa tindo na nyundo, kipande kwa kipande, kama mtu anayebandua ukoko wa wali. Chini yake lilikuwepo bati la asili, na kwenye bati hilo matundu kumi na mawili: sita kulia, sita kushoto, yamepangwa mawili mawili. Nikadhani ni ya kutolea maji ya mvua. Ami akacheka.

"Hapa palikaa mabenchi," akasema. "Gari hili lilikuwa matatu."

Gari lenyewe ni Pijo (Peugeot) 404 pikapu ya 1974. Tangu mwaka jana limo katika banda la mabati ubavuni mwa nyumba ya Ami huku Kisauni, Mombasa, banda lililokuwa la mbuzi. Alilipata kwa mchuuzi wa nazi wa Kilifi, limeegeshwa chini ya mkorosho, radieta haipo, kuku wametaga chini ya kiti cha dereva. Bei aliyolinunulia hajaniambia mpaka leo, na kwa ninavyofahamu mkewe naye hajaambiwa.

Vifaa vyetu si vya kutisha: jeki mbili, seti ya spana, mashine ya kuchomelea ya jirani, na mnyororo wa kuinulia tuliouazima. Injini tuliing'oa kwa kufunga mnyororo kwenye tawi la mwembe. Mimi nikivuta, Ami akisoma Bismillahi kila tawi lilipolia.

Niliingia katika kazi hii na nia moja tu, kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani. Nilikuwa na picha za Ufaransa kwenye simu, rangi nimeshaichagua, hata turubai la kijivu la nyuma nimeshaulizia bei. Matundu yale yakanitia shaka.

Kiwanda kilichounda 404 kiko Sochaux, mashariki mwa Ufaransa. Gari lilizinduliwa Mei 1960, umbo limechorwa na Pininfarina wa Italia, na saluni yake ina mapezi mawili nyuma kama ya samaki. Pininfarina haohao walikuwa wameshawachorea Waingereza Austin Cambridge, na magari hayo mawili ukiyaona kwa mbali ni rahisi kuyachanganya. Hadi 1975, Wafaransa walipoacha kuunda 404 ya saluni, zilikuwa zimetoka Ufaransa 1,847,568, na ukiongeza zilizoundwa nchi nyingine jumla inapita milioni 2.8. Pikapu ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Afrika inayosema Kifaransa iliipa jina la bâchée, yaani iliyofunikwa turubai, na wapo wanaoita hivyo pikapu yoyote hadi leo.

Kwetu sifa za Pijo zilienezwa na matope. Mashindano ya Safari yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, njia zake zikikata Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa mvua za masika, maana bila matope ingekuwa safari ya kawaida. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404, katika mwaka ambao magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, wote ndani ya 404. Mwaka 1968 wakarudi Nowicki na Cliff, kwa 404, na kwa mara nyingine magari yaliyomaliza yalikuwa saba. Mara nne ndani ya miaka sita! Waliokuwa wamejipanga kando ya barabara hawakuhitaji tangazo la redio. Yaliyoshinda yalikuwa magari ya saluni, ni kweli, lakini pikapu ilikuwa na sura ileile na injini ya ukoo uleule, na mkulima mwenye magunia hakuona sababu ya kutafuta jina jingine.

Mimi injini hii nimeielewa kwa mikono. Imelazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na fundi asiyeizoea akifungua anaweza kudhani imekatika viti vyake. Ni ya sentimita za ujazo 1,618, silinda nne, kila moja upana milimita 84. Lakini siri yake ni laina, bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini nyingi, silinda imetobolewa ndani ya bloku lenyewe. Ikilika, bloku zima linapelekwa kwenye mashine likapanuliwe. Laina za 404 zimesimama ndani ya maji ya kupozea. Huingia kwa mkono na hutoka kwa mkono. Ikilika, unaichomoa, unatia nyingine pamoja na pistoni yake, unapima inavyochomoza juu ya bloku, unaweka gasketi, unafunga hedi. Nne zote tulizichomoa Jumamosi moja, na chai tulikunywa mara mbili. Kazi hiyo inaweza kufanyika chini ya mti wowote wenye kivuli, maili mia moja kutoka mji wenye mashine, na sidhani jambo lolote jingine limeiweka Pijo hai Afrika kuliko hilo. Wako wanaosifu springi zake laini. Springi hazikufufui injini ikifia Garissa.

Laina mpya zilitoka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo mafundi bado wanaiita Grogan. Difu, kwa bahati, ilikuwa nzima. Ni difu ya ajabu: badala ya gia ya kawaida ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Nilikuwa nimeshafungua kopo la oili ya difu ya kisasa, nainamisha mkono, Ami akanishika kifundo. Oili hizo zina dawa ya salfa iliyotengenezewa chuma juu ya chuma, na shaba ikikaa ndani yake huliwa. Nilikuwa karibu kuiua difu iliyodumu miaka hamsini, kwa kopo moja nililonunua mwenyewe.

Sasa turudi kwenye matundu.

Katika miaka ya 1960 mabasi ya Nairobi yalikuwa ya kampuni moja yenye kibali, na mitaa ilikuwa ikikua kuliko mabasi. Watu wenye magari ya zamani wakaanza kubeba abiria kwa siri kwa senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi, na hesabu hiyo ndiyo iliyozaa jina la matatu. Walikamatwa, walitozwa faini, kesho yake walirudi barabarani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba waruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya usafirishaji. Kwa tamko hilo, biashara ya kujificha ikawa biashara ya mchana kweupe.

Pikapu ikawa gari linalofaa kuliko mengine. Saluni ingechukua watano kwa kubanana. Pikapu yenye uwezo wa kubeba mzigo wa karibu tani moja ingechukua kumi na wawili bila kulalamika, na walipozidi hao ililalamika lakini ilikwenda. Kilichohitajika ni fundi wa jua kali wa kuchomelea kibanda cha bati chenye madirisha, na seremala wa kutengeneza mabenchi mawili yanayofuata urefu wa gari, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Kila benchi miguu mitatu, kila mguu boliti mbili. Fanya hesabu: kumi na mbili. Nyuma palibaki wazi, na pale alining'inia utingo, mkono mmoja juu ya kibanda na mwingine umeshika nauli. Dar es Salaam nao walikuwa na yao ya namna hiyo, abiria wakitazamana juu ya mbao, wakayaita chai maharage. Jina hilo nalionea wivu.

Ami aliyapanda akiwa kijana, alipokwenda Nairobi kutafuta kazi. Anakumbuka kwamba anayekaa ndani kabisa, nyuma ya kabini ya dereva, alipaswa kuwapangua wote waliomtangulia mlangoni ili ateremke, na kwamba mtu aliweza kusafiri Eastleigh hadi mjini akiwa na jogoo wa mtu mwingine mapajani. Mvua ikinyesha, turubai la mlangoni liliteremshwa na wote wakawa gizani. "Pale ndipo nilipojifunza Kikikuyu," anasema, wala hafafanui alijifunza maneno gani.

Haikuwa raha tupu, na kumbukumbu za wazee zina tabia ya kupaka sukari. Mabenchi hayakuwa na mkanda wala cha kujishikilia. Gari likipinduka, kibanda cha bati jembamba hakikumkinga mtu. Mwaka 1984 ilitungwa sheria iliyoyataka matatu yawe na leseni na yakaguliwe, na miaka iliyofuata mabasi madogo ya Nissan na Toyota yakachukua barabara, yenye viti vinavyotazama mbele. Pikapu zikang'olewa vibanda na mabenchi, zikarudi kubeba mizigo. Bila shaka ndivyo ilivyokuwa kwa hii yetu. Mwenye nazi hakutaka matundu yavujishe, akatandika bati juu yake na kupiga ribiti.

Wakati huo Kenya ilikuwa imeshaanza kuunganisha magari yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 vilianzishwa viwanda vitatu: Leyland huko Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers hapahapa Mombasa. Kuunganishwa kwa 404 nchini kuliendelea hadi 1991, miaka 16 baada ya Wafaransa kuiacha saluni yake. Pikapu ya 504 ilikuwa imeingia tangu 1979, na 504 nayo ikaendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Abiria wa Nakuru na Kisumu wa siku hizo hawakusema wanapanda teksi, walisema wanapanda Pijo. Kisha miaka ya 1990 milango ya forodha ikafunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika Kilindini kwa bei ambayo kiwanda hakikuiweza, na Hilux ikarithi shamba, soko na mjengo. Peugeot ilijaribu kurudi na pikapu ya Afrika mwaka 2017, iliyotokana na gari la Dongfeng wa China, ambalo nalo lilitokana na Nissan ya zamani. Nilimwonyesha Ami picha yake. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu bila neno.

Mwezi uliopita tulianza kupiga msasa bodi. Juu ilikuwa buluu ya mchuuzi wa nazi. Chini ya buluu, nyekundu. Chini ya nyekundu kulikuwa na mstari wa njano na vivuli vya herufi ambazo hatukuweza kuzisoma, kisha kijivu cha kiwandani. Kutu ya pwani imekula kizingiti cha kushoto na nusu ya sakafu chini ya klachi. Hayo tumekata na kuchomelea bati jipya, hayana mjadala.

Mjadala ulikuwa wa matundu. Nilikuwa na fimbo ya kuchomelea mkononi.

"Ami, haya tuyazibe?"

"Kwani yanavuja?"

"Picha za kiwandani hazina matundu."

"Kiwandani hawakupanda matatu," akajibu, akaendelea na msasa.

Nililifikiria wiki nzima. Gari hili lilikaa kiwandani siku chache, likakaa kwetu miaka hamsini. Nikiziba matundu, nitakuwa nimelifufua gari la Wafaransa na kulizika la Eastleigh. Kwa maoni yangu, ukarabati unaofuta kila alama ya mwenye gari ni wizi, hata kama rangi inang'aa. Hivyo sakafu tumeisafisha, tumeipaka dawa ya kutu, na matundu yako palepale, kumi na mawili. Mstari wa njano tumeuacha pia, upana wa kiganja, ndani ya mlango wa nyuma ambako mvua haifiki.

Injini imerudi mahali pake na inawaka, ingawa asubuhi hudai kubembelezwa. Breki zimekaguliwa. Kilichobaki ni kioo cha taa ya nyuma, upande wa kushoto. Kama unacho darini, cha pikapu na si cha saluni, usikitupe.