Nuru na Maji ya Mto: Historia ya Kufisha Virusi vya Chakula kwa Mwanga na Funzo Lake kwa Mji wa Juba

1.0 Utangulizi

Mji wa Juba umekaa kando ya Bahr el Jebel, jina la Naili Nyeupe katika eneo hilo, takribani nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Jua si adimu huko; adimu ni maji safi. Wakazi wengi hununua maji yanayotekwa mtoni na kusambazwa kwa maboza, kisha kwa madumu yanayobebwa juu ya baiskeli. Maji hayo hunywewa, hupikiwa, na huoshea mboga zinazouzwa katika masoko kama Konyo Konyo. Katika mazingira hayo, wazo la kufisha vimelea kwa mwanga lina mvuto mkubwa. Makala haya yanafuatilia historia ya wazo hilo na kutetea hoja moja: kwa zaidi ya karne nzima, nuru imekwama mahali pale pale, yaani penye tope na penye kivuli.

2.0 Taa na Kichocheo

Mwaka 1877, Waingereza Downes na Blunt walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua katika mirija ya maabara. Mwaka 1910, mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu kutibu maji ya kunywa kwa taa za zebaki zitoazo miali ya urujuanimno. Taa hizo hazikutegemeka, na klorini, iliyokuwa rahisi zaidi, ikatangulia.

Mwaka 1972 ulileta mambo mawili yasiyohusiana. Nchini Japani, Fujishima na Honda walichapisha matokeo kwamba titani dioksaidi ikimulikwa huweza kupasua maji. Nchini Marekani, Kapikian aliona kwa hadubini ya elektroni kirusi kilichosababisha mlipuko wa kuhara na kutapika mjini Norwalk mwaka 1968. Jamii yake leo huitwa norovirusi. Mwaka 1985, Matsunaga na wenzake waliua vijidudu kwa kichocheo cha aina hiyo. Utendaji wake ni huu: mwanga ukikipiga kichocheo kilichomo majini, huzalisha chembe kali za oksijeni zinazoshambulia ganda la kirusi pamoja na vinasaba vyake.

Hata hivyo, norovirusi ya binadamu haikuoteshwa kwa uhakika maabarani hadi mwaka 2016. Kwa hiyo watafiti walitumia virusi mbadala, kama vile norovirusi ya panya na virusi vinavyoshambulia bakteria. Matokeo mengi mazuri tunayoyasoma yalipatikana kwa mbadala hao, tena katika maji maangavu. Hilo si kosa la watafiti, ila ni mpaka ambao msomaji hana budi kuukumbuka.

3.0 Ushahidi wa Kajiado

Mwaka 1980, Aftim Acra na wenzake mjini Beirut walipendekeza kuweka maji juani katika vyombo viangavu. Afrika Mashariki ililipima wazo hilo mapema. Katika Kajiado, Kenya, Conroy na wenzake walichapisha mwaka 1996 jaribio lililohusu watoto 206 wa Kimaasai: chupa za kundi moja zilianikwa juu ya paa, za kundi la pili ziliwekwa ndani ya nyumba. Kuhara kulipungua, ingawa kwa kiasi kidogo. Kipindupindu kilipozuka baadaye katika eneo hilo, watoto 3 kati ya 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani waliugua, ikilinganishwa na 20 kati ya 144 wa kundi la pili.

Ushahidi huo ni mzito, lakini kipindupindu husababishwa na bakteria. Baadhi ya virusi, hasa adenovirusi, huvumilia urujuanimno kuliko bakteria. Aidha, miali mikali zaidi, ile inayotolewa na taa za zebaki, haifiki ardhini kutoka juani, kwa kuwa huzuiwa na angahewa.

4.0 Juba na Homa ya Ini ya E

Sudan Kusini inakifahamu kirusi kinachosafiri kwa maji. Homa ya ini ya aina ya E ilizuka katika kambi za wakimbizi za Maban mwaka 2012, na imerudi mara kwa mara Bentiu, ambako mwaka 2022 chanjo yake ilitumiwa kwa mara ya kwanza duniani kukabili mlipuko. Ugonjwa huu huwaua wajawazito kwa kiwango kinachoweza kufikia robo ya wanaougua. Mjamzito akiambiwa kwamba chupa iliyoanikwa juu ya bati inamkinga, ilhali maji yake ni ya tope, ahadi hiyo inaweza kumgharimu maisha. Tope hunyonya miali na kuvificha virusi. Mikunjo ya jani la mboga nayo huvipa kivuli.

5.0 Hitimisho

Historia haiikatai nuru. Inaipangia nafasi yake. Kwanza maji yatuame na kuchujwa. Pili yatiwe klorini bozani, kwa kuwa tope huidhoofisha hata klorini. Ndipo mwanga, uwe na kichocheo au usiwe nacho, uongeze kinga. Vyuo vya Juba na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, vinaweza kuanza na jaribio ambalo maabara za mbali haziwezi kulifanya kwa niaba yetu: kupima vichocheo hivyo katika maji yenyewe ya Bahr el Jebel, msimu wa mvua.