Mafundi wa Nyali na Pumzi ya Injini

Tangu mwaka 1931, lilipofunguliwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, hata 1980, lilipopokewa na daraja la saruji lililopo leo, motokaa zilizovuka kutoka kisiwa cha Mombasa zilihitaji mafundi ambao ilimu yao ilikaa machoni na masikioni kabla ya kukaa vitabuni. Kijana aliyebadili ekzosi ili gari lingurume, kisha akarejea akilalamika kwamba injini haina nguvu na hupiga mafataki kila aachiapo mafuta, hakujibiwa kwa pupa: fundi alifungua plagi akaitazama ncha, ikiwa ya hudhurungi, mchanganyiko ni sawa, na ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi petroli, basi aliweka jeti ya kabureta yenye tundu kubwa zaidi.

Zilipokuja injini za kompyuta, zenye kulenga sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzani, ikazuka hadaa mpya: ekzosi ikivuja kabla ya kihisi cha oksijeni, hewa ya nje hupenya, na kompyuta, ikidhani petroli ni haba, huongeza isiyohitajiwa. Basi, ewe mwenye gari, kabla hujanunua kihisi kipya, tafuta kwanza panapovuja.