Waliokula sinia moja Tunduma

Ndugu msikilizaji, katika methali zetu ipo moja ambayo wazee huitoa kwa sauti ya onyo: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Maana yake ni kwamba rafiki wa mezani atakukimbia siku ya shida, na atakayebaki ni ndugu wa damu peke yake. Wiki hii nataka tuitazame methali hiyo tukiwa mahali nilipozaliwa, yaani Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Nilikuwa huko kwa mapumziko ya siku kumi, na karibu kila siku nililishwa na marafiki niliocheza nao utotoni. Nimerudi Dar es Salaam nikiwa na mashaka na methali hiyo. Mashaka yangu yana historia, nami naomba nikusimulie.

Kwa wasioifahamu, Tunduma iko mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa, Makambako na Mbeya. Zamani ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 iko katika Mkoa wa Songwe, ambao makao yake makuu ni Vwawa. Ukivuka geti tu, umeingia Nakonde, Zambia. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji huo una watu wasiofika 100,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta wamezidi 200,000. Wageni wengi wanaijua Tunduma kwa foleni ya malori na kelele za wabadilisha fedha. Lakini kabla ya lori la kwanza, na kabla ya geti, hapo waliishi watu waliolima ulezi, wakaoana na wakazikana bila kumuuliza mtu ruhusa. Wengi wao ni Wanyamwanga, ambao leo wako pande zote mbili.

Nani aliwagawa? Tarehe 1 Julai, 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa habari ya Zanzibar, iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza huku Ujerumani ikipewa kisiwa cha Heligoland. Lakini mkataba huo huo ndio uliochora mpaka wa kusini. Mstari ulitoka Ziwa Nyasa ukaufuata Mto Songwe, kisha ukashika mgongo wa nchi unaogawa maji, mpaka Ziwa Tanganyika. Kwa lugha nyepesi, mvua inyeshayo kwenye mgongo huo hugawanyika: ya kaskazini huteremka kwenye bonde la Rukwa, na ya kusini huingia Mto Chambeshi na kuanza safari ndefu ya kwenda Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kule Berlin walitazama maji yanakokwenda. Watu wa hapo hawakuulizwa wanakwenda wapi. Mwaka 1898 wapimaji wa mataifa yale mawili wakaja kuweka alama, na koo moja ikajikuta ina watawala wawili.

Mkataba ule haukusahau kila kitu. Ulikuwa na ibara ya kuhakikisha kwamba bidhaa na raia wa mataifa hayo mawili wanapita bila kizuizi kati ya maziwa yale makubwa. Bidhaa zilikumbukwa tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na ibara ya mtu anayekwenda kula kwa rafiki yake.

Kisha vikaja vita. Kuanzia mwaka 1914 mpaka huo ukawa uwanja wa mapambano. Wanaume wa upande huu walibebeshwa mizigo ya Wajerumani, na wa upande ule, walioitwa tenga-tenga, wakabebeshwa ya Waingereza. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilivuka hapo, likashambulia kituo cha Waingereza cha Fife, karibu na Nakonde ya leo, kabla ya kusalimisha silaha huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Majeshi yote mawili yalijilisha kutoka katika maghala ya wanavijiji. Waliolimia maghala hayo ndio walioachwa na njaa, huku na huku.

Sasa tujiulize: kwa nini watu hao hawakugeuka kuwa wageni wao kwa wao? Nafikiri sehemu ya jibu iko katika desturi ya kula.

Katika miaka ya 1930 walifika Rungwe na Kyela, jirani zetu wa mashariki, wataalamu wawili wa mila za watu, Godfrey Wilson na mkewe Monica. Walikaa na Wanyakyusa, na mwaka 1951 Bibi Monica Wilson akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya marika. Alieleza kwamba mtoto wa kiume akifika umri wa miaka kumi hivi, aliondoka kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika. Chakula hawakujipikia. Walikwenda kundi zima nyumbani kwa mama wa mmoja wao, wakala, na siku nyingine wakaenda kwa mama mwingine. Wanyakyusa walikuwa na neno lao kwa raha hiyo ya kukaa na wenzako, kuzungumza, kula na kusaidiana, nalo ni ukwangala. Kijana aliyependa kulia peke yake alitazamwa kwa shaka.

Sisemi kwamba makabila yote ya Songwe yalijenga vijiji vya namna hiyo. Lakini wazo lenyewe, kwamba mtoto ni wa rika lake na kila mama wa rika ana wajibu wa kumlisha, mimi nililikuta nyumbani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tulikuwa wavulana wanne. Watatu tuliishi Tunduma, wa nne alikwao Nakonde, mwendo wa dakika ishirini kwa njia ya kupita mashambani. Tulikuwa na zamu ambayo hakuna aliyeiandika. Tukishamaliza mpira, tulikwenda kwa mama ambaye zamu yake imefika, tukanawa, tukakaa chini kuzunguka sinia moja. Kwetu ilikuwa ugali na maharage. Kwa mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alitoka Kamsamba, tulipata wali na samaki wa Ziwa Rukwa. Nakonde ilikuwa ugali wenye majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Wao waliuita nshima, sisi tukauita ugali, na sinia likabaki tupu vile vile.

Mama yetu yule wa Nakonde alijifunza kupika kwa sufuria kubwa kwa sababu ya reli. Utakumbuka kwamba tarehe 11 Novemba, 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini haiaminiki tena. Malori ya mafuta yakaanza kupita Tunduma kwa barabara ya vumbi na matope. Wachina wakaja kujenga TAZARA. Reli ikafika Tunduma mwaka 1973, na Julai 1976 njia nzima ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa serikali zetu mbili. Mama yule alikuwa msichana. Alianza kuuza chai na maandazi kwa abiria, baadaye ugali. Alikuwa akisema kwamba msafiri na mtoto wote wana tabia moja: hawajui kusubiri.

Nimetaja mama huyo kwa sababu ndiye anayenifanya niishuku methali. Oktoba 2019 marais wa nchi zetu, John Magufuli na Edgar Lungu, walifungua Kituo cha Pamoja cha Forodha, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Ilikuwa furaha. Lakini miezi saba baadaye, Mei 2020, ugonjwa wa korona ulipozidi Nakonde, mpaka ulifungwa. Ndani ya siku zile mama yetu akafariki dunia. Hakuondoka na korona. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka mingi. Mwanawe alimzika na majirani wachache. Sisi watatu hatukuwapo.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Walionisimulia ni wale wawili waliobaki Tunduma, mmoja fundi wa malori, mwingine mfanyabiashara wa mahindi. Mama mzazi wa fundi, bibi mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, aliposikia habari ile alisema, "Huyu alinilishia mwanangu. Siwezi kukaa kama vile amekufa mtu wa redioni." Akawasha moto uani, akapika ugali na majani ya maboga kwa karanga kama marehemu alivyopika, akawaita wote upande wetu waliowahi kula kwake. Walikaa siku tatu wakiomboleza, msiba wa ng'ambo uliowekwa huku. Jioni ya kwanza walinipigia simu, wakaiweka katikati yao ili nisikie wanavyoimba.

Njia ilipofunguka walivuka. Walimkuta mwenzetu amelegea, hana hamu ya kazi. Mvua za Novemba zilipokaribia, wakaenda na jembe la ng'ombe, wakamlimia shamba la mama yake siku mbili, wakapanda. Hakuna aliyemlipa mwenziwe.

Safari hii tulikutana wote wanne katika nyumba ile ile. Mke wa mwenzetu alitupikia. Nikaitaja methali yangu nikidhani nimeishinda. Mwenyeji wetu, ambaye sasa ni mwalimu, alitafuna kwanza, kisha akasema, "Kaka, methali haina kosa. Inamsema anayekula akaondoka. Ninyi mlirudi."

Tukaendelea kula, na mazungumzo yakahamia kwenye mahindi. Tarehe 29 Februari, 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa la Zambia. Mwaka huo huo Wakala wetu wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Rafiki yangu mfanyabiashara alisema aliona magunia yakipita getini, akamkumbuka mama yule. Nilimwambia kwamba ile ilikuwa biashara, mkataba na malipo. Akajibu kwamba anajua, yeye mwenyewe ni mfanyabiashara. Lakini kabla serikali hazijaandikiana, yeye alikuwa ameshapeleka debe kadhaa za unga kwa mwalimu, na hakuwa na risiti. Nadhani hapo ndipo penye tofauti. Mkataba unaweza kulisha taifa, na tushukuru upo. Lakini haujui kwamba mwalimu hajala jana.

Sasa naja kwenye jambo lililonisumbua. Siku ile watoto wetu walikuwapo pia, saba kwa jumla. Walisalimiana kwa adabu, shikamoo kwa wakubwa, kisha kila mmoja akakaa pembeni kwa mzazi wake. Hawajuani. Wa Tunduma hajawahi kula Nakonde. Wangu wa Dar es Salaam waliuliza kama ule ugali ni wa Zambia. Mpaka ambao Berlin ilishindwa kuuingiza ndani ya sinia letu, na ambao vita na njaa vilishindwa, naona umeanza kuingia taratibu, na safari hii hakuna mkoloni wa kumlaumu. Tumekuwa watu wa kutuma. Rafiki akifiwa tunatuma rambirambi kwa simu. Akioza tunatuma mchango. Na pesa ikishafika tunahesabu kwamba na sisi tumefika. Pesa ile ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini yule bibi wa Tunduma hakuwasha moto kwa sababu ya fedha aliyowahi kutumiwa. Aliuwasha kwa sababu ya vyakula vya miaka thelathini iliyopita.

Msikilizaji, wengi wetu tunaoishi mijini tunakwenda nyumbani kwa misiba tu. Tunafika usiku, tunazika mchana, na kesho yake tuko kwenye basi. Katika safari ya namna hiyo unawaona ndugu, maana msiba ni wa ndugu. Marafiki wa utotoni unawapungia mkono kwa mbali, wakiwa wamebeba viti. Nakuomba likizo ijayo, uwe wa Tunduma, wa Kyela, wa Kigoma au wa Tanga, utenge siku ambayo hakuna aliyekufa. Mtafute yule uliyekula kwao. Usimwalike hotelini ukamlipia. Nenda kwake, kaa chini, kula alichonacho, na kesho yake yeye aje kwenu. Zaidi ya yote, nenda na watoto, uwaweke kwenye sinia moja na watoto wake, kisha ondokeni ninyi wakubwa muwaache.

Sisi tumeshaanza. Tumekubaliana kwamba Desemba watoto wote saba watakuwa kwa mwalimu Nakonde kwa wiki nzima, na Juni inayofuata watakuwa Tunduma kwa yule bibi, ambaye bado ana nguvu za kuwasha moto. Hati zao za kuvukia tutazishughulikia sisi. Zamu ya Dar es Salaam ni ya kwangu, na mke wangu ameshaanza kuuliza nitanunua wapi sinia la kuwatosha.